Mafuta ya Argani kwa Nywele za Asili: Namna ya Kuyatumia Katika Joto la Tanga

Katika nyumba nyingi za Tanga, mtu akitaja mafuta ya nywele bila kuongeza neno, hueleweka kuwa amesema mafuta ya nazi. Tumelelewa nayo: tulikalishwa mkekani katikati ya magoti ya bibi, tukapakwa kiganja kizima utosini, tukasukwa twende kilioni huku mafuta yakishuka hadi kisogoni. Ndiyo maana mtu anayenunua kichupa cha argani kwa mara ya kwanza huyamimina kwa mkono ule ule aliozoea kumiminia nazi, na baada ya wiki mbili hulalamika kwamba nywele zimekuwa nzito, zimeshika vumbi, na bado zinakatika. Nami nilianza hivyo hivyo, na nilimaliza chupa nzima ndani ya mwezi mmoja kabla sijaelewa kwamba mafuta haya hayana maji ndani yake, hivyo hayawezi kuunywesha unywele uliokauka. Kazi yake ni kuuzuia usitoke ule unyevu ambao tayari umo, na kwa kazi hiyo matone machache yanatosha.

Mti wa argani, ambao wataalamu wa mimea huuita Argania spinosa, huota kiasili kusini-magharibi mwa Moroko, katika bonde la Souss na maeneo yanayozunguka Agadir na Essaouira. Misitu yake ilitambuliwa na Unesco kuwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2014 ujuzi wa kuutunza mti huo na kukamua mafuta yake uliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wanawake wa Kiamazigh, jamii ya wenyeji wa huko, hulipasua ganda gumu la kokwa kwa mawe mawili, kokwa moja baada ya nyingine, ndipo mbegu ndogo za ndani zikamuliwe. Yeyote aliyewahi kuikalia mbuzi akakuna nazi za kutosha kupata chupa moja ya mafuta ya kuchemsha nyumbani ataelewa mara moja kwa nini kichupa kidogo cha argani kina bei kubwa, na kwa nini kile kinachouzwa kwa bei ya kutupa kinapaswa kutiliwa shaka.

Kabla ya kununua, geuza kichupa usome lebo yake pole pole. Mafuta halisi huwa na kiungo kimoja tu, nacho huandikwa kwa jina la mti, Argania spinosa. Nilipata kununua katika duka moja kichupa kilichochorwa mti na mbuzi waliopanda matawini, nikafika nyumbani nikakuta viungo vya kwanza viwili ni dimethicone na cyclopentasiloxane, ambavyo ni silikoni, na argani imetajwa karibu na mwisho, baada ya manukato. Silikoni si sumu, na nywele hung'aa kweli ukiipaka, ila mng'ao huo si wa argani, na mnunuzi alistahili kuambiwa hivyo upande wa mbele wa chupa. Angalia pia rangi na harufu: mafuta safi ya nywele ni ya manjano ya dhahabu iliyopauka na yana harufu hafifu ya mbegu inayopotea muda mfupi baada ya kupakwa. Yakinukia karanga za kukaanga, hayo ni ya chakula, kwa kuwa mbegu zake hukaangwa kabla ya kukamuliwa. Yakinukia waridi au asmini, jua kwamba kuna kitu kimeongezwa. Chupa iwe ya kioo cha rangi nzito, kwa sababu mwanga huyaharibu.

Nywele zetu za kipilipili zina hitaji ambalo nywele zilizonyooka hazina. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini unywele unapojikunja na kujikunja tena, mafuta hayo hukwama karibu na shina na hayafiki nchani. Na ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote: nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 15 imeishi zaidi ya mwaka mzima, imepitiwa na chanuo, jua, jasho na ushungi tangu siku ilipotoka kichwani. Hapa Tanga ongeza chumvi ya upepo wa bahari, na kwa wengi wetu maji ya kisima yanayoacha weupe kwenye ndoo, kwa kuwa weupe huo huo hubaki pia nyweleni. Kama maji ya kisima ndiyo uliyo nayo, oshea hayo, lakini weka akiba ya maji ya bomba au ya mvua kwa suuzo la mwisho.

Sasa, je, argani ichukue nafasi ya nazi? Maoni yangu ni kwamba isichukue, maana kila moja ina zamu yake. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, na hivyo huweza kupenya ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele. Kwa hiyo nazi ni ya kabla ya kuosha: ipake usiku uliotangulia au saa moja kabla, ili unywele usivimbe kupita kiasi ukiingia majini. Sehemu kubwa ya argani, takriban asilimia 80, ni asidi za oleiki na linoleiki, na ina vitamini E pia. Hukaa zaidi juu ya unywele, huulainisha na kuupunguzia msuguano, na kwa hiyo zamu yake ni baada ya kuosha. Tena haigandi upesi kama nazi, ambayo asubuhi za Julai, kusi ikivuma na hewa ikishuka chini ya nyuzi 24, hukutwa imeshikamana chupani.

Wiki iliyopita nilimwosha binti ya kaka yangu, ambaye nywele zake zinamfika mabegani zikivutwa. Tulizigawa mafungu manne, kila fungu likabanwa peke yake, kwa sababu kuziosha zikiwa zimetawanyika kichwa kizima ndiko kunakozifanya zijifunge mafundo. Shampuu ilipita kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa ncha za vidole, na povu lililoshuka likatosha kusafisha urefu uliobaki. Kondishena ikafuata, na hapo ndipo chanuo la meno mapana lilipoingia, likianzia nchani na kupanda pole pole kuelekea shinani. Baada ya kusuuza tulizikamua kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubonyeza bila kusugua, maana taulo lina vinyweleo vinavyokwaruza. Tuliacha kukamua pale zilipokoma kutiririka lakini zikiwa bado za baridi mkononi. Hicho ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko kingine chochote: mafuta yaingie wakati unywele ungali na maji.

Nilidondosha matone mawili kwenye kiganja, nikayasugua kwa kiganja cha pili mpaka ngozi ikabaki inang'aa bila kuwa na kimiminika kinachoonekana, kisha nikalishika fungu la kwanza kwa viganja vyote viwili kama anayekunja karatasi laini, nikaanza na ncha, nikapanda hadi nusu ya urefu.

“Shangazi, mbona umetia kidogo hivyo?” akauliza.

“Ngoja zikauke kwanza, mwanangu, ndipo utaniambia.”

Matone manane yalitosha kichwa kizima. Mwenye nywele fupi za vidole viwili atahitaji matatu au manne. Mwenye nywele nyingi na ndefu ataongeza moja moja, akisikiliza mkono wake: unywele ukiteleza kati ya vidole, inatosha, na ukiacha mafuta kwenye kidole kikavu, umezidisha. Kama nywele zako hukauka upesi sana, tanguliza losheni ya nywele iliyotengenezwa kwa maji, kisha argani juu yake. Baada ya hapo tulisokota kila fungu misokoto mitano, tukaiacha ikauke kwa upepo wa barazani. Anayetaka nywele zinyooke kidogo bila kuzichoma kwa pasi, azisuke kwa uzi, kama walivyofanya mama zetu, naye atapata urefu bila madhara ya moto. Wenye ushungi wasubiri nywele zikauke kabisa kabla ya kuzifunika, kwa kuwa joto letu na unyevu uliofungiwa huleta harufu na muwasho, na chini ya ushungi wavae kofia au kitambaa cha satini, maana pamba hunyonya mafuta yote tuliyoyapaka.

Katikati ya wiki hakuna haja ya kurudia kazi hiyo yote. Puliza maji kidogo kwenye misokoto, subiri dakika moja, kisha pitisha tone moja au mawili kwenye ncha. Usipake mafuta kila siku kwa mazoea. Ukienda kuoga baharini Raskazone, lowesha nywele kwa maji baridi ya kawaida kabla ya kuingia, zisije zikanywa maji ya chumvi tu, na ukitoka zisuuze siku hiyo hiyo kabla argani haijagusa kichwa. Aliyetia hina, ambayo mara nyingi huzifanya nywele ziwe kavu, ataona faida ya argani mapema kuliko wengine.

Ngozi ya kichwa inahitaji tahadhari ya pekee. Wengi huona mba wakadhani ni ukavu, wakapaka mafuta mengi zaidi, ilhali vimelea vinavyohusika na mba hujilisha mafuta, na hali huzidi. Mwenye mba aipake argani kwenye nywele tu, aiweke mbali na ngozi, na atafute shampuu ya mba kwenye duka la dawa. Mtoto mwenye mapunye asipakwe mafuta yoyote kwa matumaini ya kumponya, kwani ugonjwa huo umeingia ndani ya shina la unywele na hutibiwa kwa vidonge vya hospitali. Na anayeambiwa kwamba argani huotesha nywele pale zilipokwisha kutoka asiamini: husaidia zilizopo zisikatike, nazo zisipokatika urefu huonekana. Mtu anayeitumia kwa mara ya kwanza, hasa mwenye mzio wa karanga au korosho, apake tone moja ndani ya kiwiko na asubiri siku nzima. Ukitokea wekundu au muwasho, asiipake kichwani.

Kichupa kikae kabatini kikiwa kimefungwa vizuri, mbali na dirisha la bafuni ambako jua la mchana na mvuke hukikuta kila siku. Andika kwenye kifuniko tarehe uliyokifungua, na kila unapokishika kinuse kwanza. Mafuta yaliyochacha hutoa harufu kali kama ya nazi iliyokaa sana baada ya kuvunjwa, na yakifikia hapo yamwage, hata kama kichupa kingali nusu.