Somo: Kunyonyesha tu, baada ya kuzaa kwa operesheni

Kunyonyesha tu ni kumpa mtoto maziwa ya mama peke yake, miezi 6 ya kwanza. Maziwa huamshwa na kutoka kwa kondo la nyuma, si na njia aliyopita mtoto. Aliyepasuliwa ana dang'a (maziwa ya kwanza) kama aliyezaa kawaida. Kinachomwangusha ni saa zinazopotea: mama yuko kwenye dripu, mtoto yuko kwa senga (shangazi), na mtu ameshakoroga glukosi.

1. Kabla ya upasuaji, mwambie mkunga na atakayempokea mtoto: asipewe glukosi, maji wala maziwa ya kopo. Weka kijiko safi pamoja na mama kit (furushi la vifaa vya kujifungulia).

2. Kwa sindano ya mgongo unabaki macho, basi mtoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa 1. Kama ulilazwa usingizi kabisa, anza ukishazinduka vizuri, msaidizi akiwa kando.

3. Asikulalie mshono. Lala ubavu, au ukiweza kukaa mpakate kwapani, miguu yake ielekee mgongoni kwako. Kidevu kiguse titi, mdomo ubebe weusi unaozunguka chuchu, si chuchu tupu.

4. Akiwa hanyonyi au yuko wodi nyingine, kamua kwa mkono. Gumba juu, vidole chini, kama sm 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi: vitachubua na hakitatoka kitu. Dang'a ni nzito, hutoka tone kwa tone, kwa hiyo ikinge kwa kijiko. Kwenye kikombe itagandia pembeni yote. Siku ya kwanza, kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kinatosha kwa mlo mmoja. Rudia kila saa 2 au 3, na usiku pia.

5. Dripu nyingi huvimbisha titi, mtoto akateleza. Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka shina la chuchu dakika 1, kisha mweke.

Maziwa hujaa siku ya 2 hadi ya 4, baada ya operesheni huweza kuchelewa kidogo. Yakikawia na damu bado ni nyingi, rudi hospitali: kipande cha kondo kilichobaki huyazuia.

Maswali

Nalongo (mama wa mapacha): Dang'a itawatosha mapacha?
Jibu: Ndiyo, Nalongo. Kila mmoja anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hesabu nepi zenye mkojo: siku ya 1 moja, ya 2 mbili, kuanzia ya 5 sita au zaidi. Zikipungua, apimwe uzito.

Mama Pili: Jajja (bibi) anataka mtoto anywe kyogero, maji ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto, vijiko viwili tu.
Jibu: Jajja aelezwe kwa heshima kuwa hata viwili vinachukua nafasi ya maziwa, na maji yake huenda yana vijidudu. Dawa ya daktari na ORS (maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara) haziharibu kunyonyesha tu.

Dada wa ofisini: Likizo yangu ya uzazi ni siku 60 za kazi. Nifanyeje?
Jibu: Hizo ni wiki 12 hivi, miezi 6 haijatimia. Anza kukamua wiki 2 kabla ya kurudi. Nje ya friji, penye ubaridi, maziwa hukaa saa 4. Ndani ya friji, siku 4. Andika tarehe kwenye chombo, ya zamani yatangulie.