Njuga za vizibo na sketi ya salfeti kwa watoto wa ngoma

Kila ikikaribia siku ya wazazi au mahafali ya darasa la saba naulizwa swali lile lile, mwalimu njuga tunapata wapi? Za chuma zipo, ukizunguka Kariakoo au pale Mwenge kwenye vinyago unaweza kubahatisha, ila nyingi ni za mguu wa mtu mzima, mtoto wa miaka 8 akifika nusu ya ngoma mguu haunyanyuki tena. Huku kwetu Mbagala watoto wanatengeneza wenyewe. Na msimamo wangu ni mmoja, njuga ni chombo cha muziki, sio urembo, kwahiyo usiangalie inavopendeza, sikiliza inavolia. Wapemba kwenye ngoma yao ya msewe wanafunga miguuni njuga za majani zenye mbegu kavu ndani, mguu ndo unapiga. Sisi hapa mjini mbegu hatuna, vizibo tunavyo.

Vitu vya kuandaa

Vizibo vya soda za chupa ya kioo (vya chupa za plastiki havilii, achana navyo), mwambie mangi akuwekee au wahi grosari asubuhi kabla hawajafagia. Nyundo, msumari wa inchi 2, kipande cha ubao, bisibisi, jinzi iliyochakaa, soksi kuukuu, uzi wa nailoni wa mafundi viatu na sindano yake.

Hatua ya 1: toa kiplastiki cha ndani

Kila kizibo ndani kina kile kiplastiki cha kuzuia gesi isitoke. Wengi wanaruka hapa afu wanashangaa mbona njuga zinalia ka kokoto kwenye mfuko, jamani kile kiplastiki kinameza sauti, kitoe chote. Chokonoa kwa ncha ya bisibisi, kikigoma loweka kwenye maji ya moto kitalegea.

Hatua ya 2: toboa

Weka kizibo juu ya ubao, mgongo juu, msumari katikati, gonga. Zungusha msumari kidogo tundu liwe kubwa kuliko uzi, maana kizibo kikibana kwenye uzi hakichezi. Geuza, ponda zile ncha zilizochomoza. Kizibo kina meno 21 na yote yanakwaruza, kwahiyo yagonge yainame kidogo kwa ndani lakini usikiponde kikawa bapa, kikishakuwa bapa kinalia chwi chwi tu, kikibaki na kibakuli chake ndo unapata ile chaa. Watoto wadogo wasishike nyundo, wape kazi ya kuchokonoa, wakubwa watoboe na wewe ukiwa hapo.

Hatua ya 3: funga jozi

Viwili viwili, migongo ikigusana, vibakuli vinatazama nje. Pitisha uzi, acha vicheze nafasi ya upana wa kidole, piga fundo.

Hatua ya 4: mkanda

Kata jinzi upana wa vidole vinne, shonea soksi upande wa ndani, acha kamba ndefu pande zote mbili za kufungia. Lastiki nyembamba mimi siipendi, inambana mtoto na akicheza inashuka. Shona jozi 8 kwa kila mguu kwa wa darasa la pili au la tatu, wakubwa jozi 12, zaidi ya hapo ni kelele.

Hatua ya 5: sikiliza

Mfunge juu ya kifundo cha mguu, kidole chako kipite kati ya mkanda na ngozi. Mwambie akanyage mara moja tu afu atulie. Ikilia chaa ikakata, safi. Ikiendelea kuchacharika wakati mguu umeshatulia ujue nyuzi ni ndefu, fupisha. Hapa usione uvivu, yaani watoto kumi wenye njuga za kuchacharika wanamchanganya mpiga ngoma mpaka anapoteza mdundo.

Sketi sasa

Tafuta salfeti la sukari au mchele la kilo 50, lile la kusukwa la kawaida, yale ya kung'aa yenye ngozi ya nailoni juu hayanyofoki. Osha, anika, fumua pindo lipate kufunguka kama shuka. Juu acha kiganja kizima, kunja, pitisha cherehani mistari miwili KABLA hujanyofoa chochote, la sivyo yote inakufumukia mkononi. Afu kuanzia chini kata mipasuo ya wima mpaka karibu na mshono, kila baada ya kiganja, hapo nyuzi za kulala zinakuwa fupi na watoto wanazivuta moja moja kirahisi, zinabaki za wima zinaning'inia. Pitisha kamba kwenye lile kunjo, kata urefu uishie chini kidogo ya goti ili njuga zionekane na mtoto asijikanyage.

Rangi ya batiki usihangaike, salfeti halishiki rangi. Omba mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani, chana vipande vyembamba uchanganye. Mabaki hayo hayo shonea kwenye kibwebwe, kwa sindimba, ile ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, ndo penyewe, kiuno kikikatika kila mtu anaona. Ila sketi hii isikae karibu na jiko wala mshumaa na usiipige pasi, ni plastiki. Na vile vinyuzi vilivyonyofolewa zoeni vyote, visiende mtaroni.

Baada ya shoo futa njuga kwa kitambaa kikavu, jasho na unyevu wa Dar vinaleta kutu fasta. Sketi itundike, usiikunje. Andika jina la mtoto ndani ya mkanda kwa maka peni, vinginevyo siku ya shoo utakuwa unaamua ugomvi wa njuga badala ya kupanga mstari.