Namna ya kulinda ufukwe wa bandari ndogo usiliwe na bahari

Mwongozo huu unahusu bandari ndogo na madiko ya mwambao wa Tanzania, hasa penye ufukwe wa mchanga kama Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako mmomonyoko ulichangia kuangamia kwa hoteli ya Africana. Mara nyingi kamati hununua mawe kwanza na kuuliza maswali baadaye. Hapa tutakwenda kinyume.

Hatua ya 1: Pima ufukwe kwa mwaka mzima. Wakati wa upepo wa kusi mawimbi hutoka kusini-mashariki na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini, na wakati wa upepo wa kaskazi mwendo huo hugeuka. Kwa hiyo anayepima msimu mmoja tu anaweza kudhani kuwa ufukwe unakufa, kumbe mchanga umehama kwa muda. Weka alama ya kudumu juu ya mwamba au jengo imara, kisha kila mwezi, maji yakiwa yamekupwa kabisa siku za bamvua (mwezi mwandamo au mpevu), shuka kutoka kwenye alama hiyo ukiwa na fito mbili zenye urefu sawa, zilizochorwa sentimita kuanzia juu. Zisimamishe wima kwa umbali wa mita 2, mmoja upande wa nchi kavu na mwingine upande wa bahari. Ufukwe ukiteremka, simama nyuma ya ufito wa nchi kavu, linganisha ncha ya ufito wa bahari na mstari wa upeo wa macho, kisha usome mstari huo unapokatia kwenye ufito ulio karibu nawe. Namba hiyo ndiyo kiasi cha mteremko. Rudia hadi ukingo wa maji. Vifaa ni vya bei ndogo, na matokeo yake yanatosha kwa maamuzi mengi.

Hatua ya 2: Tafuta mchanga ulikokwama. Fuata mito inayolisha ufukwe uone kama inachimbwa mchanga wa ujenzi, kisha kagua kila ukuta unaoingia baharini. Ukuta wa namna hiyo hukusanya mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, hivyo jirani aliye kaskazini ndiye hulipa gharama ya usalama wako. Kama mlango wa bandari unachimbwa ili kuongeza kina, omba mchanga safi unaotolewa umwagwe upande ulionyimwa badala ya kutupwa kwenye kina kirefu.

Hatua ya 3: Shughulikia vibali mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndiyo inayosimamia tathmini ya athari kwa mazingira.

Hatua ya 4: Chagua kinga inayolingana na mahali. Kwenye hori lenye tope na maji tulivu, panda mikoko, aina ya mlilana (Sonneratia alba) ikiwa mbele upande wa bahari na mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) nyuma yake. Kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi miche hung'olewa, hata ikipandwa kwa sherehe kubwa. Palipo na barabara au gati lisiloweza kuhamishwa, jenga mteremko wa mawe magumu, kama yale ya Lugoba, wala usitumie matumbawe. Tandika kwanza kitambaa cha kuchujia, ili maji yapite na mchanga ubaki, kisha mawe madogo, na makubwa juu yake. Chimbia mguu wa mteremko chini zaidi ya kina ambacho vipimo vyako vinaonyesha ufukwe hufikia ukipungua kabisa, kwa sababu kinga nyingi huanguka kwa kuchimbuliwa miguuni, si kwa kupigwa kifuani. Miisho yote miwili iingizwe ndani ya nchi kavu, maji yasizunguke nyuma.

Hatua ya 5: Kagua baada ya kila bamvua kubwa, hususan za Machi na Septemba. Jiwe lililoteleza lirudishwe mara moja, na vipimo vya kila mwezi viendelee pande zote mbili za kinga, pamoja na ufukwe wa jirani.