Kuendesha baiskeli Mbeya na Nyanda za Juu Kusini: wapi uanzie, wapi usubiri kwanza

Kila mtu anayeniuliza njia za baiskeli huku kwetu anaanza na "kilometa ngapi?" Hilo sio swali la huku bana. Mbeya mjini mpaka Tukuyu ni kama kilometa 70, mtu wa Dar anaona ah kawaida, asubuhi naenda jioni narudi, alafu saa nane mchana unamkuta pale Kiwira amekaa kwenye benchi la mama muuza ndizi anaulizia Kosta za kurudi Mbeya. Huku uliza unapanda mita ngapi, na mlima uko mwanzo au mwisho wa safari. Ukiwa mwanzo unaupanda na miguu mipya na ukishindwa unageuza tu, unashuka mpaka nyumbani. Ukiwa mwisho, hapo una njaa, maji yameisha, giza linaingia na mlima ndio kwanza unaanza.

Kwa hiyo nimepanga njia kwa namna hiyo, sio kwa urefu.

Kama ndio unaanza, au una mtoto wa miaka kumi na mbili anataka kukufuata, achana na Mbeya mjini kabisa. Panda gari ushuke Kyela. Kyela iko chini, kama mita 500 tu toka usawa wa bahari wakati Mbeya mjini ni kama 1,700, na ni tambarare ya kweli, ndio maana kule baiskeli ni chombo cha kila mtu, mzee anaenda nayo shamba la mpunga, mama anabebea ndoo, hakuna anayekushangaa. Njia yenyewe ni kutoka Kikusya, hukohuko Kyela, kupita Ipinda mpaka Matema, kilometa 39 za lami, kulia kwako kushoto kwako mpunga, kakao, michikichi na maembe, mbele unaona milima ya Livingstone inakusogelea taratibu alafu ghafla ziwa Nyasa. Mgeni kabisa aishie Ipinda, anywe soda, arudi. Aliyezoea kidogo aende mpaka Matema alale, kesho ndio arudi. Ubaya wa Kyela ni joto, sio mlima, kwa hiyo uwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi na saa tano uwe umeshakaa kivulini. Na usalimie watu jamani. "Ugonile" moja tu na unaonyeshwa kisima, fundi, na njia ya mkato ambayo hukuiomba.

Ukishaweza kilometa 40 tambarare bila kulalamika makalio, njoo Tukuyu. Hapa ndio penye mashamba ya chai na migomba na mlima Rungwe umekaa juu yako kama baba mkwe, karibu mita 2,960 ule. Toka Tukuyu shuka kwenda Masoko, kwenye ziwa Kisiba, lile ziwa la duara lililokaa kwenye shimo la volkano. Kwenda utafurahi sana, na hapo ndio mtego wenyewe, maana kila mteremko ulioufurahia utaulipa wakati wa kurudi. Weka nusu ya maji na nusu ya chakula kwa ajili ya kurudi, usivimalize ziwani unapiga picha. Wenye miguu zaidi wanazunguka Katumba, Mbambo alafu Tukuyu, hiyo inazidi kilometa 80 na barabara haifanani mwanzo mwisho, kwa hiyo tairi nyembamba za mbio acha nyumbani. Na Tukuyu inanyesha karibu mwaka mzima, hata miezi ambayo Mbeya kuna vumbi, kwa hiyo koti la mvua libebe tu usibishane na mawingu.

Sasa njia yangu mimi, ile ambayo nikiambiwa nichague moja tu mpaka nife nachagua hiyo: barabara ya Chunya. Ni lami, na inaanza kupanda ukiwa bado unasikia kelele za mji. Ndani ya kilometa ishirini na kitu unakuwa umepanda zaidi ya mita 700, unapita msitu wa Kawetere, misindano mpaka unachoka nayo, baridi, harufu ya utomvu, unafika juu kuliko mita 2,400 alafu kuna sehemu ardhi inakatika mbele yako unaona bonde la Usangu lote chini limetandazwa. Magari sio mengi kama barabara kuu. Na mlima uko mwanzo, kama nilivyosema.

Namna ya kuipanda: gia nyepesi kabisa tangu mwanzo, hata kama unaona aibu. Ukiweza kuongea sentensi nzima na mwenzako mwendo uko sawa, ukianza kujibu neno moja moja punguza. Kule juu msukumo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo mtu wa Dar akija asipande siku aliyofika, alale Mbeya siku mbili kwanza atembeetembee. Kula kabla hujasikia njaa, ndizi moja kila baada ya nusu saa hivi, maana ukishasikia njaa mlimani umechelewa. Baiskeli iwe na gia ndogo mbele na kubwa nyuma, ile meno 34 mbele na 32 nyuma inatosha kwa watu wengi. Zile za mbio za mtumba zenye gia nzito za watu wa tambarare zitakuua magoti.

Ila kushuka ndio kunakoumiza watu. Mara ya kwanza nilishuka toka Kawetere nimeshika breki mwanzo mwisho, naogopa, nimeikamata kama nimekamata mwizi. Nina zile breki za mpira zinazobana rimu. Katikati ya kona nikasikia paa! nikadhani risasi, kumbe tyubu ya mbele. Rimu ilikuwa ya moto nikaigusa nikaungua kidole. Kumbe ukibana breki mfululizo rimu inachemka, upepo ndani ya tyubu unatanuka, mwisho inapasuka. Nilikuwa na tyubu ya akiba moja na pampu ya kuazima ambayo ilikuwa imekufa, nikatembea mpaka mjini nasukuma, watu wananipa pole kila nyumba. Kwa hiyo: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha ipoe, bana tena. Makalio yarudishe nyuma ya siti, macho yaangalie unakotaka kwenda sio kwenye shimo. Vaa koti KABLA ya kuanza kushuka, jasho la mpando likikutana na upepo wa mteremko vidole vinakufa ganzi na breki huwezi kuzishika tena. Gazeti chini ya shati kifuani linasaidia kuliko unavyodhani.

Barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, sikushauri, nasema wazi. Ni lami nzuri lakini ni ya malori ya Tunduma, na miteremko kama Iwambi kwenda Mbalizi na Mlima Nyoka baada ya Uyole kila mtu wa Mbeya anaijua kwa habari mbaya. Ukilazimika kupita kipande, pita alfajiri kukishapambazuka, taa nyekundu nyuma inawaka hata mchana, na ukisikia lori nyuma na lingine mbele linakuja, shuka kwenye majani. Hakuna ushujaa hapo. Uyole kwenda Tukuyu nayo ina malori ya Malawi ila ni afadhali. Unapanda mpaka Isongole kwenye viazi na kabichi, kama mita 2,200, kisha unateremka mpaka Kiwira halafu unapanda tena kidogo kuingia Tukuyu, na wewe usijaribu kurudi siku hiyohiyo kama yule jamaa wa benchi.

Upande wa Iringa msitu wenyewe ni Sao Hill, pale Mafinga, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Huko ndani ni barabara za vumbi, tairi pana, zile za milimani au angalau milimita 40. Mpando wa kuua haupo, ni vilima vinavyopokezana, kwa hiyo mtu wa kati anaweza. Tatizo ni mbili. Malori ya magogo yanayotokea kwenye kona yamechukua barabara nzima, na njia zote zinafanana, misindano kulia misindano kushoto, unapotea mchana kweupe. Pakua ramani kwenye simu kabla, mtandao wa huko wa kubahatisha, na ukitaka kuingia njia za ndani omba ruhusa kwa wahusika wa shamba, hasa kiangazi kikikaza, wanaogopa moto na wana haki. Ukisogea mpaka Mufindi kwenye chai ni pazuri mno, ila Juni na Julai kuna asubuhi barafu nyeupe kwenye majani, glovu sio urembo.

Ya mwisho ni ya wenye vichwa vibovu tu. Chimala kupanda Matamba kwenda Kitulo, kona 57, ndio maana panaitwa Hamsini na Saba. Ni mawe na vumbi na ukuta wa mlima, kuna kona utashuka usukume na hakuna atakayekucheka maana na yeye anasukuma. Kule juu ndio Bustani ya Mungu, hifadhi ya Kitulo, ukitaka maua njoo kati ya Desemba na Aprili, lakini miezi hiyohiyo ndio matope, chagua mwenyewe unataka maua au unataka barabara. Mimi nilichagua barabara, nikaenda Septemba, sikuona ua hata moja.

Njia nyingine zote, Juni mpaka Oktoba ndio mda wake.

Mkobani weka tyubu mbili, viraka, pampu uliyoijaribu MWENYEWE nyumbani, funguo, na kipande cha cheni. Spoku na tairi za inchi 28 za kawaida fundi yeyote kijijini anazo, ila vya baiskeli za kisasa hutapata nje ya mji. Na beba elfu kumi na tano ya dharura ambayo sio ya chakula, hiyo ni ya Kosta, na baiskeli patana bei yake na konda KABLA haijapandishwa kwenye keria, ikishafika juu bei ni yake.