Somo: Kutofautisha kemshafti za injini za V za Harley-Davidson, na kukagua vikaza cheni vya Twin Cam

Kwa nje injini hizi zinafanana sana: silinda mbili kwa nyuzi 45, mirija ya pushirodi (fimbo zinazosukuma vali) upande wa kulia. Tofauti ziko nyuma ya kifuniko cha kemu (kemshafti, mhimili wenye nundu zinazofungua vali). Anayeagiza kemu kwa kutaja ujazo wa injini peke yake ataletewa kitu kisichoingia. Taja familia ya injini kwanza, kisha mwaka.

Hatua ya 1: Jua familia

Sportster ya kupozwa kwa hewa (1957 hadi 2022) ina kemu nne, kila moja na nundu moja, na zote zinaendeshwa kwa gia. Namba 1 ni egzosi ya nyuma, 2 ni inleti ya nyuma, 3 inleti ya mbele, 4 egzosi ya mbele. Gia ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) inaizungusha namba 2, hiyo inazishika 1 na 3, na 3 inaishika 4. Kwa hiyo kemu zilizo jirani huzunguka kinyume, na huwezi kuzibadilishana nafasi. Faida yake ni kwamba kila pushirodi hupanda karibu sambamba na silinda yake.

Evolution kubwa (1984 hadi 1999) ina kemu moja yenye nundu nne, inayozungushwa na gia ya krenki moja kwa moja. Vipande ni vichache, lakini pushirodi zinalazimika kulala kidogo. Ukiitoa kemu, badilisha na beringi ya sindano ya ndani hata kama inaonekana nzima. Chukua iliyojaa sindano bila kizimba, kwa sababu yenye kizimba ndiyo inayojulikana kwa kuvunjika.

Twin Cam (modeli za 1999 hadi 2017) ina kemu mbili, moja kwa kila silinda, nundu mbili kila moja, na cheni mbili. Cheni ya nje inatoka krenki kwenda kemu ya nyuma; ya ndani, nyuma ya sahani ya kemu (bamba linaloshika kemu), inaunganisha kemu ya nyuma na ya mbele.

Milwaukee-Eight (modeli za 2017 na kuendelea) ilirudi kwenye kemu moja, safari hii kwa cheni. Kila silinda ina vali nne lakini pushirodi mbili tu, kwa kuwa roka moja (mkono kati ya pushirodi na vali) inasukuma vali mbili.

Hatua ya 2: Kama ni Twin Cam, tazama mwaka tena

Hadi 2006 vikaza cheni ni vya springi. Dyna zilipata vya haidroliki 2006, nyingine zote 2007. Springi hukandamiza kiatu cha plastiki kwenye cheni kwa nguvu muda wote, na cheni ile ya zamani yenye kingo hukila kiatu. Vipande vyake huingia kwenye pampu ya oili, presha inashuka, na hapo gharama si ya kiatu tena. Mfumo wa haidroliki hutumia presha ya oili yenyewe, na cheni yake ni ya rola.

Hatua ya 3: Kagua

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kemu. Kwenye baadhi ya modeli egzosi hutoka kwanza. Kiatu cha nje utakiona mara moja bila kugusa pushirodi. Usiishie hapo, maana cha ndani kinaweza kuwa kimekwisha wakati cha nje kingali kizuri. Mfereji uliochimbwa na cheni ukifika nusu ya unene wa kiatu, au ukiona ufa au kona iliyomeguka, badilisha vyote viwili. Pikipiki yenye vikaza vya springi iliyopita kilomita 40,000 bila kufunguliwa ikaguliwe sasa.

Hatua ya 4: Kutoa na kurudisha

Lazima pushirodi ziwe huru. Za kiwandani ni kipande kimoja, hivyo ama unatoa vifuniko vya roka, ama unazikata na kuweka za kurekebishika. Zuia kikaza kwa pini kabla ya kutoa sahani.

Unaporudisha, alama za spoketi za ndani zitazamane, na za nje pia, katika mstari mmoja. Weka rula juu ya spoketi mbili za nje: zikipishana zaidi ya mm 0.25, badilisha spesa. Bolti za sahani ni Nm 10 hadi 13.6, kwa mpangilio wa mwongozo wa mwaka wake. Bolti za spoketi zipakwe gundi nyekundu ya nyuzi, zikazwe Nm 20, zilegezwe mzunguko mmoja, kisha krenki Nm 33 na kemu Nm 46. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, plagi zikiwa nje. Ikigoma, simama utafute sababu.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nikitoa cheni nikaweka gia kwenye Twin Cam, kemu zangu za cheni zitafaa?

Hapana. Kwa cheni kemu zote mbili huzunguka upande wa krenki. Kwa gia, ya nyuma inageuka kinyume na ya mbele inarudi upande wa krenki, kwa hiyo lazima ununue seti iliyochongwa kwa ajili ya gia. Kabla ya kulipa, pima kuyumba kwa ncha ya krenki kwa geji ya saa. Ikizidi mm 0.076, baki na cheni, maana gia zitalia na kuliwa.

Pushirodi za kurekebishika nizizungushe mara ngapi?

Inategemea nyuzi za skrubu yake. Pistoni iwe juu kabisa kwenye mpigo wa mgandamizo na tapeti (kipande kati ya nundu ya kemu na pushirodi) iwe chini. Refusha hadi uchezi uishe, halafu bonyeza tapeti takriban mm 2.5. Nyuzi 24 kwa inchi ni mizunguko kama miwili na nusu. Nyuzi 32 ni mitatu na robo hivi. Subiri tapeti ishuke, dakika 10 hadi 20, mpaka pushirodi izunguke kwa vidole. Hapo ndipo uende silinda ya pili. Ukiharakisha, vali inabaki wazi na unaweza kuigonganisha na pistoni.

Yangu ni ya 2003. Naweza kufunga sahani ya kemu yenye vikaza vya haidroliki nikabaki na kemu zangu?

Kemu za 2003 hazikai kwenye sahani hiyo. Na kemu za 2007 hazilingani na beringi za ndani za bloku yako. Zipo kemu zilizotengenezwa kwa mchanganyiko huo: upande wa ndani wa zamani, upande wa sahani mpya. Muuzaji akikuuliza mwaka peke yake, mwambie na sahani utakayofunga. Pampu ya oili mpya huja kwenye seti ya sahani hiyo; usirudishe ya zamani.