Kabla ya kufungua silinda hedi, toboa boksi

Kwa wenye boti za injini ya ndani pale bwawa la Mtera mnaofungua injini wenyewe, maana vipuri na fundi ni hadi Dodoma mjini: kabla ya kugusa bolti ya kwanza, chukua kipande cha boksi, chora umbo la hedi (kifuniko cha juu cha injini), andika "mbele" upande wa mbele wa injini, kisha toboa matundu kwa mpangilio uleule wa bolti na pushrodi (vijiti vya kusukumia valvu). Kila unachochomoa kiingie kwenye tundu lake hapohapo. Bolti za hedi mara nyingi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini. Utahisi imekaza kumbe hedi haijabanwa, na gasketi (kizibo cha kati ya hedi na injini) itaungua. Pushrodi nazo zimeshalika pamoja na roka (kipande cha juu kinachobonyeza valvu) na tapeti (kipande cha chini kinachoisukuma pushrodi) zake, ukizichanganya zinaanza kulana upya. (Zungusha pushrodi kidogo unapoichomoa, isije ikainuka na tapeti.)

Boksi peke yake halitoshi kama bolti zako ni za aina inayovutika ikikazwa. Hizo nunua mpya, ukaze kwa vipimo vya kitabu cha injini. Na boksi likilowa oili matundu hulegea, kwa hiyo kazi ikichukua siku kadhaa tumia ubao mwembamba.