Kabla hujawasha spektrofotomita: kupima fosfeti katika maji ya ziwa

Spektrofotomita haiijui fosfeti. Inajua mwanga ulioingia kwenye kyuveti, kichupa cha kuwekea sampuli, na mwanga uliotoka, basi. Rangi ya buluu inayoonyesha fosfeti umeitengeneza wewe, kwa vitendanishi vyako (kemikali unazotia kwenye sampuli) na chupa zako. Kama chupa ilioshwa kwa sabuni ya unga yenye fosfeti, mashine itaisoma sabuni hiyo bila kusita, kama inavyoyasoma maji ya Mto Mirongo wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Anayejifunza kifaa hiki ajiandae basi kutumia siku nzima mezani na nusu saa tu mbele ya mashine.

Anza na vyombo. Chupa, pipeti na silinda zote zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki ya moto iliyozimuliwa, kisha zisuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Ziwekwe kando, ziandikwe "fosfeti tu", zisiguswe tena na sabuni. Chujio la mikromita 0.45 nalo liloweshwe kwanza kwenye maji yaliyokenekwa, maana chujio jipya linaweza kutoa fosfeti yake lenyewe. Kwa maji ya katikati ya ziwa, ambayo fosfeti yake ni kidogo, chukua chupa za kioo: plastiki hunyonya fosfeti kwenye kuta zake, nawe utaripoti maji masafi kuliko yalivyo. Maji ya Ghuba ya Mwanza yakiwa ya kijani kwa mwani, chuja palepale unapochota au mara tu ufikapo nchi kavu. Usitie asidi ili kuyahifadhi, kwani asidi hupasua seli za mwani na kumwaga fosfeti iliyokuwa ndani. Weka kwenye barafu, nyuzi 4, na upime ndani ya saa 48.

Sasa kifaa chenyewe. Hakikisha kinafika nanomita 880. Kama hakifiki, buluu hii ina kilele kidogo karibu na nanomita 710, ila utapoteza usikivu. Kyuveti za kioo cha kawaida zinatosha; za kwatzi ni za mwanga wa urujuanimno, na kuzinunua kwa kazi hii ni kutupa pesa. Kinachohitaji uamuzi ni upana wake. Kyuveti ya sentimita 1 inafaa kati ya miligramu 0.15 na 1.3 za fosforasi kwa lita, ya sentimita 5 kati ya 0.01 na 0.25. Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kubeba uchafu wake, kwa hiyo chukua ya sentimita 1 na uwe tayari kuzimua. Kwa maji ya mbali na ufuo, bila ya sentimita 5 utakuwa unasoma sifuri na kuiita matokeo.

Myeyusho sanifu, yaani ule ambao kiasi cha fosforasi yake unakijua, unaanzia kwenye mizani. Kausha potasiamu dihidrojeni fosfeti kwa saa moja kwenye nyuzi 105, pima miligramu 219.5, yeyusha, na ujaze hadi lita 1: hapo una miligramu 50 za fosforasi kwa lita. Chukua mililita 50 za huo, jaza tena hadi lita 1, upate 2.5. Kutoka huo wa pili, mililita 5, 10, 15, 20 na 25 katika chupa za ujazo za mililita 50 zitakupa 0.25, 0.5, 0.75, 1.0 na 1.25. Kwa kyuveti ndefu chukua mililita 1, 2, 3, 4 na 5 badala yake.

Kitendanishi mchanganyiko, kile kinacholeta buluu, hakilali. Kinadumu saa 4 tu, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukichanganya. Kwa mililita 100: asidi ya salfuriki ya normali 5 (kipimo cha ukali wake), mililita 50; potasiamu antimonili tatreti, 5; amoniamu molibdeti, 15; asidi askobiki, 30. Fuata mpangilio huohuo, tikisa kila unapoongeza, na vyote viwe vimefikia joto la chumba. Unapoizimua ile asidi ya salfuriki, asidi ndiyo iingie kwenye maji, kidogo kidogo. Kila sampuli ya mililita 50 inakula mililita 8, hivyo mililita 100 ni vipimo 12. Toa blanki moja (maji yaliyokenekwa yenye vitendanishi, bila sampuli) na sanifu tano, zinabaki sita, yaani sampuli tatu zilizorudiwa mara mbili. Wengi hugundua hili mchana, sampuli kumi zikiwa zimepangwa mezani. Kumi zilizorudiwa ni vipimo 26, mililita 208, tengeneza 250.

Halafu kuna saa. Rangi husomwa kati ya dakika ya 10 na ya 30 baada ya kutia kitendanishi. Ukitia vyote 26 kwa pamoja na kila kimoja kikachukua dakika moja kusomwa, vya mwisho vitakuwa vimepitiliza. Tia kimoja kila dakika, kisha usome kwa mwendo huohuo. Sampuli yenye rangi yake ya asili iwe na blanki yake: vitendanishi vyote isipokuwa asidi askobiki na tatreti. Maji yatokayo maeneo ya migodi ya dhahabu, upande wa Geita, yaangaliwe arseniki kwanza, kwani arseneti nayo hutoa buluu ileile.

Umeme ukikatika katikati, usiendelee ulipoishia. Subiri taa ipate moto nusu saa, weka sifuri upya kwa blanki, soma tena sanifu moja ya kati. Isipolingana na ya mwanzo, rudia zote, na kama rangi imeshapita dakika 30, hiyo ni kutengeneza upya.

Ukibeba pia mita ya oksijeni, kumbuka Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa nyuzi 25, maji yaliyoshiba oksijeni pwani yana miligramu 8.26 kwa lita. Mwanza ni kama 7.2 tu. Mita iliyoachwa kwenye mpangilio wa usawa wa bahari itazidisha kila kipimo.

Weka dumu la taka tayari, lenye lebo. Antimoni na molibdeni haziendi kwenye sinki.